Kabla ya Duka, Fundi

Barua za kuitwa kwenye usaili zikianza kutoka, simu yangu haipoi. Wapwa zangu, watoto wa majirani, vijana wa kwaya na wa madrasa, wote wana swali moja: "Shangazi, ninunue wapi nguo za kazi?" Nami huwarudishia swali: fundi wako ni nani? Wengi hunyamaza. Duka wanalo, wanalifuatilia kila siku kwenye simu. Rafiki anayejua siku ya kufunguliwa belo la mitumba Manzese wanaye. Fundi ndiye hawana, au wana yule wa sare za harusi tu.

Nilifanya kazi ya utumishi kwa miaka 17, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa kwenye meza ya wanaosaili. Nimeona suti za bei kubwa zikimning'inia mtu kama zimeanikwa kwenye kamba. Nimeona pia suruali ya mtumba na shati la kushonwa mtaani vikimkaa mtu vizuri hadi ukadhani ameanza kazi mwaka jana. Bei haikuwa na neno. Mmoja alipita kwa fundi, mwingine hakupita.

Kijana mmoja simsahau. Alikuja na suti ya kaka yake, mikono ya koti imemfikia kwenye vidole. Alikuwa amesoma na majibu alikuwa nayo, lakini kila alipotaka kueleza jambo kwa mikono alisita, akauvuta mkono wa koti juu, akasahau alipoishia. Nusu saa ikapita nasi tumesikia nusu ya alichokijua. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile niliielewa methali hiyo kwa uchungu, kwa sababu kufupisha mikono ya koti ni kazi ya mchana mmoja tu kwa fundi.

Tuna bahati ambayo hatuithamini. Katika nchi tajiri, nguo ya kupimwa na kushonwa kwa kipimo chako ni anasa ya wachache. Wengine wote huvaa saizi za dukani. Kwetu fundi yuko barazani, hatua chache kutoka mlangoni, na mitumba imejaa Karume na Manzese jijini Dar es Salaam, Mlango Mmoja kule Mwanza, Memorial mjini Moshi, Gikomba Nairobi, Kongowea Mombasa. Ndani ya belo moja unaweza kupata koti la sufu safi ambalo aliyelinunua mpya alilipa mshahara wa wiki nzima. Kinachohitajika ni jicho la kuchagua na mkono wa kurekebisha.

Jicho hilo hufunzwa. Ukishika koti, anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Bega likizidi, liache koti hilo hata kama bei yake ni ya kutupa, kwa sababu kurekebisha bega ni kulifumua koti zima, bitana na vyote vya ndani, na fundi asiye mzoefu atakurudishia kitu kilichopinda. Mengine yanarekebishika: mikono hufupishwa, kiuno hubanwa, vifungo hubadilishwa. Suruali inyanyue juani uitazame sehemu ya mapajani, ambako kitambaa hulika mapema. Ukiona mwanga unapenya, irudishe. Kisha ipindue uangalie mshono wa nyuma. Kama aliyeishona aliacha kitambaa cha akiba, utaipanua sentimita mbili au tatu. Kama hakuacha, suruali hiyo inaweza kupunguzwa tu. Shati lichunguze kola na makwapa. Kola iliyolika kwa kusuguana na shingo, fundi mwenye uzoefu anaifumua na kuigeuza, ya ndani ikawa ya nje, na shati likaendelea miaka. Njano ya kwapani iliyokwisha kukomaa haitoki, usijidanganye. Na chochote chenye maandishi kisome. Kama huielewi lugha yake, tafuta anayeielewa kabla hujakivaa mbele ya watu.

Ukienda kwa fundi, vaa viatu utakavyovaa na nguo hiyo. Suruali iliyopimwa juu ya ndala itakuwa fupi au ndefu siku ya kiatu. Simama kama unavyosimama siku zote, usivute tumbo ndani, kwa kuwa ukikaa ofisini kwa saa nane tumbo litarudi mahali pake na vifungo vitalalamika. Chukua nguo yako moja inayokukaa vizuri umpelekee kama kielelezo. Itamweleza mambo ambayo futi ya kupimia haimwelezi. Baada ya kujaribu, usiishie kwenye kioo. Kaa kwenye kiti chake, inama kama unayefunga kamba za viatu, nyoosha mikono mbele kama unayeshika usukani. Panapokaza, mwoneshe hapo hapo, akutie chaki.

Kama unashona nguo mpya, kitambaa cha pamba au kitenge kiloweke, ukianike, ndipo ukipeleke kukatwa. Pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, na gauni lililokufika magotini litapanda. Kwa mtu wa umbo la wastani, suti nzima hutaka mita 3 hadi 3.5 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, na shati la mikono mirefu hutaka kama mita 2. Yajue mahesabu haya kabla hujaingia dukani Kariakoo, usije ukauziwa pungufu ukakosa mfuko au ukanda wa kiuno. Na tarehe utakayomtajia fundi iwe wiki moja kabla ya siku yenyewe. Mafundi wetu hubeba kazi nyingi kuliko siku walizo nazo, hasa Idi na Krismasi zikikaribia.

Nimesema kitambaa, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Mwenye duka atakuambia kila kitambaa ni sufu na kila shati ni pamba. Mwombe uzi mmoja kutoka kwenye ncha, uuchome. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu jepesi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na moto wake huzimika haraka. Polista huyeyuka, ikajikunja ikawa kijipira kigumu cheusi. Kitambaa kilichochanganywa kitakupa alama za vyote viwili. Polista ina faida zake: haikunjamani, hukauka upesi na rangi yake hudumu. Lakini haifyonzi maji, kwa hiyo jasho hubaki juu ya ngozi, na harufu huganda kwenye nyuzi zake kuliko kwenye pamba. Shati la polista tupu Dar es Salaam mwezi wa Januari ni adhabu kwa anayelivaa na kwa anayekaa jirani naye.

Tena usivae Dar es Salaam kama unavyovaa Dodoma. Tangu shughuli za serikali zihamie Dodoma, nimeona watumishi waliotoka pwani wakipata shida mwezi wa Juni na Julai: asubuhi upepo mkavu na baridi, mchana jua, na vumbi jekundu linalopanda hadi magotini. Huko sweta jepesi la kuvaa juu ya shati na suruali ya rangi ya udongo vina maana kuliko suti nyeusi, ambayo itaonesha kila punje ya vumbi. Pwani mambo ni kinyume. Adui ni jasho. Rangi ya kijivu cha katikati na samawati iliyopauka huonesha jasho kuliko rangi zote. Nyeupe na bluu iliyokolea hulificha. Njombe, Mbeya na Arusha, koti la sufu ambalo Tanga lingekuua ni nguo halali ya kazi nusu mwaka.

Kwa wanaume wa pwani nina neno moja la ziada. Suti ya Kaunda, ile ya koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa kile kile, iliyobeba jina la rais wa kwanza wa Zambia, ni vazi lililofikiriwa na watu waliolijua joto letu. Haihitaji tai, haihitaji shati la ndani la kola, na ikishonwa kwa kitambaa chepesi mtu anafanya kazi ndani yake bila kuloa. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliikataza bungeni, wakati rais wa nchi hiyo mwenyewe alikuwa akiivaa mbele ya macho ya wote. Naiona hatua ile kuwa ya bahati mbaya. Ofisini kwako, kama hakuna katazo, ishone. Ila mwambie fundi aiache na nafasi. Suti ya Kaunda iliyobana hupoteza maana yake yote.

Kitenge nacho kina nafasi yake. Shati la kitenge siku ya Ijumaa limekuwa desturi katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, na mwaka 2019 serikali ya Kenya iliwaelekeza watumishi wake wavae nguo zilizotengenezwa nchini siku hiyo. Chagua chenye michoro midogo na rangi mbili au tatu, fundi aioanishe michoro pale kifuani inapokutana. Kama unahudumia umma, epuka vyenye picha za viongozi na rangi za vyama, kwa kuwa aliyekuja kudai haki yake dirishani hapaswi kuanza kujiuliza wewe ni wa upande gani. Unguja siku ya Ijumaa utaona kanzu na kofia ofisini, na hakuna vazi linalompa mwanamume staha kuliko kanzu iliyofuliwa na kupigwa pasi vizuri.

Sasa niseme na wanawake, maana kwenu sheria za mavazi ni nyingi na msaada ni mdogo.

Kwenye malango ya ofisi nyingi za serikali Tanzania kuna bango lenye michoro ya mavazi yasiyoruhusiwa. Msingi wake ni waraka wa utumishi wa umma unaohusu mavazi ya watumishi. Ukiajiriwa serikalini, usiusikie kwa watu. Mwombe afisa utumishi nakala yake uisome mwenyewe, kwa sababu nimeshuhudia walinzi na wakuu wa idara wakikataza mambo kwa kuyatoa vichwani mwao. Historia yetu ina mafunzo hapa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969, na miongoni mwa waliokimbizwa na kuzomewa barabarani Dar es Salaam walikuwamo wasichana waliokuwa wakielekea kazini. Mwezi Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa nje ya Bunge letu kwa sababu ya suruali aliyovaa. Mimi naamini katika kanuni za mavazi kazini, na nimezisimamia. Lakini nikiona ofisi inapima sketi kwa rula huku ikimwachia mwanamume mwenye shati lenye kola nyeusi kwa uchafu, hapo najua hatuzungumzii tena staha ya kazi.

Kwa hiyo badala ya kuvaa kwa kuogopa mlinzi, vaa kwa kuipima nguo yako na siku yako. Jaribio langu ni hili. Nyumbani, mbele ya mtu unayemwamini, panda juu ya kistuli kama unayepanda daladala. Inua mkono ushike bomba la juu. Kaa kwenye kiti kifupi, weka mkoba pembeni, uone pindo limefika wapi. Inama uokote kalamu. Nguo ikipita hapo bila wewe kuivuta hata mara moja, imefaa. Sketi inayofika chini kidogo ya goti ukiwa umesimama itapanda ukikaa. Mpe fundi nafasi ya sentimita kumi zaidi, na mpasuo wa nyuma uishie chini ya pale unapodhani. Blauzi inayoachia kati ya vifungo viwili vya kifuani haihitaji pini kila asubuhi. Fundi atakuwekea kishikizo cha ndani kisichoonekana, na hilo utalisahau kabisa. Kitambaa kinachoonesha mwili kivalie gagulo au shumizi. Chini ya blauzi nyeupe, sidiria ya rangi inayokaribiana na ngozi yako haionekani, nyeupe huonekana.

Wanaovaa baibui na dera, pindo lisiburuze. Ngazi za ofisi zimeangusha watu, na pikipiki imefanya makubwa zaidi: mtandio au upindo wa baibui ukinaswa na gurudumu la bodaboda huweza kuondoa uhai. Kabla dereva hajaondoka, kusanya nguo yote uikalie, na ncha za mtandio uzichomeke ndani. Ushungi wa pamba au wa kitambaa chepesi kisichoteleza utakupunguzia kuuweka sawa kila dakika mbele ya wateja. Chagua rangi tatu zinazokwenda na nguo zako zote, inatosha.

Nywele: zisukwe, ziwe safi, zisifunike macho. Nywele zetu za asili ni rasmi. Anayekuambia lazima uvae wigi ili ufanane na ofisi amekosea, na ningependa kuona wanawake wengi zaidi wakimwambia hivyo kwa upole na kwa uthabiti.

Na kuna jambo ambalo makala za mavazi huliruka. Mama anayenyonyesha hurudi kazini akiwa na mwili ambao nguo zake za zamani haziujui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, lakini gauni lenye zipu mgongoni linamfanya ashindwe kuitumia haki hiyo. Dada yangu, kabla likizo haijaisha, mpelekee fundi blauzi tatu zenye vifungo mbele, za michoro midogo, kwa sababu michoro huficha alama ya maziwa na rangi moja huionesha. Acha kiuno kiwe cha lastiki. Mwili hautaki kuharakishwa, na hakuna aibu yoyote katika kuvaa saizi uliyo nayo sasa.

Nguo ikishapatikana, itunze. Maji ya visima sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na shati jeupe hugeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Shati la kazi lifulie maji ya mvua au ya bomba ukiyapata, na likose yote lipate angalau suuza ya mwisho. Jiki itumie kwa pamba nyeupe tu, kwa kiasi. Doa la jasho likimwagiwa jiki huzidi kuwa njano. Hilo liloweke kwanza kwenye maji yenye siki nyeupe kwa nusu saa, kisha ulisugue kwa sabuni ya kawaida. Geuza nguo ndani nje kabla hujaianika, na za rangi ziache kivulini. Pasi ukiiweka moja kwa moja juu ya suruali nyeusi itaacha mng'aro usiotoka; tandaza kipande cha kanga kuukuu kilichoroweshwa kidogo, upige juu yake. Wanaotumia pasi ya mkaa watikise majivu nje kwanza. Mimi hupiga pasi nguo za wiki nzima Jumapili jioni, kwa kuwa umeme hauna ahadi na asubuhi ya Jumatatu haina huruma.

Kikwapa kinatajwa kwa kunong'ona, ndiyo maana hakitibiwi. Jasho lenyewe halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolichachusha. Oga asubuhi, jikaushe makwapa vizuri kabla hujavaa, vaa singlendi ya pamba chini ya shati. Shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa na wauza dawa za asili, bibi zetu wa pwani waliitumia kwapani na bado inafanya kazi: iloweshe kidogo, ujipake, iache ikauke. Manukato juu ya jasho la jana hayasaidii. Udi na marashi ni vitu vizuri, lakini ofisi yenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa haina pa kuyapeleka, kwa hiyo tumia kidogo. Ukiona mwenzako ana tatizo hili, mwite pembeni, mtu mmoja, maneno machache, mwisho wa siku. Ukimwachia asikie kutoka kwa wanaomcheka, umemkosea.

Viatu vinahitaji jozi mbili, nyeusi na kahawia, au hata nyeusi zote mbili. Kiatu kinachovaliwa kila siku hakipati muda wa kukauka ndani. Hunuka na huoza mapema. Kikipumzika siku moja, maisha yake huongezeka. Msimu wa masika, Jangwani ya Dar es Salaam ikijaa maji, nenda na raba au kandambili na kiatu cha kazi kiwe kwenye mfuko, ubadilishe ukifika. Kikiloa, kijaze magazeti, kiache kivulini. Jua kali hukakamaza na kupasua ngozi. Mpiga kiwi aliye nje ya jengo lako akijua jina lako, una faida kubwa. Kwa wanawake, mchuchumio si sharti la kazi popote ninapopajua. Kiatu cha kisigino kifupi au bapa chenye ngozi safi kinatosha kwa kikao chochote.

Nguo ngapi? Kwa kuanzia, mashati matano, suruali tatu, koti moja, mkanda mmoja unaoendana na viatu. Kwa mwanamke, blauzi nne, sketi au suruali tatu, magauni mawili, koti moja la kuacha ofisini kwa ajili ya kiyoyozi. Zote ziwe za rangi zinazovaliana. Usitumie mshahara wa kwanza wote dukani. Anza kazi na nguo za wiki moja, tazama wenzako wenye heshima pale ofisini wanavaaje, ndipo uongeze mwezi wa pili na wa tatu. Mashirika mengine ya Masaki na Oysterbay hufanya kazi kwa suruali ya kadeti na fulana yenye kola; mwenye suti huko huonekana mgeni. Mahakamani mawakili wana nyeusi na nyeupe yao. Benki nyingi hukupa sare. Muuguzi na mpishi wakate kucha na waache pete na bangili nyumbani, kwa sababu uchafu hujificha hapo. Aliye kiwandani au kwenye ujenzi, helmeti, buti na kizibao cha kuakisi mwanga ndiyo nguo zake rasmi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Usikubali kuambiwa ujinunulie.

Waajiri nanyi nawaomba jambo dogo. Kwenye barua ya ajira, wekeni aya moja inayosema ofisi yenu inavaaje, kwa maneno ya wazi, kabla kijana hajaingia kwenye madeni ya suti ambayo hamuihitaji. Maneno kama "nadhifu" na "ya heshima" kila mtu huyatafsiri kivyake, na anayekosea ni yule asiye na ndugu ofisini wa kumwuliza.

Nawe uliyepokea barua ya usaili leo: jioni hii itoe ile suruali uliyo nayo, ivae na viatu vyako, nenda kwa fundi wa karibu ukamwoneshe.